Shingo ya Murunga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa peke yangu hunijia bila kuitwa. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika uwanja wa chuo kimoja cha michezo mjini Guangzhou, kule Uchina. Siku hiyo nilipata kazi niliyokuwa nikiitafuta kwa udi na uvumba, na siku hiyo hiyo rafiki yangu akavunjika shingo juu ya kifua changu. Watu wa rika langu wanaijua hadithi hii, lakini wanaijua kama nilivyoisimulia mimi, na mimi nimekuwa nikiisimulia kwa kujitetea. Leo nimechoka kujitetea.

Nimesikia unakwenda kusaini mkataba na klabu ya ng'ambo, na mama yako ameniomba nikupe maneno mawili. Yatazidi mawili, nivumilie. Nina umri wa kuruhusiwa kusema sana.

Kwanza nikueleze jambo ambalo nyinyi wa siku hizi hamlitilii maanani, maana kwenu raga ni raga tu. Raga ziko mbili. Iko hii tuliyoikuta shuleni, ya watu kumi na watano kila upande, na iko ile inayoitwa ya ligi, ya watu kumi na watatu, inayopendwa sana kaskazini mwa Uingereza na kule Australia. Kwa macho ya mpita njia ni mchezo mmoja. Tofauti kubwa iko chini, mtu akishaangushwa. Katika ligi, ukiangushwa, mpira ni wako. Waliokuangusha wanakuachia, unainuka nao, unauweka chini, unausukuma nyuma kwa kisigino na mambo yanaendelea. Katika ile ya kumi na watano, ukiangushwa ni lazima uuachie mpira papo hapo, na yeyote aliyesimama kwa miguu yake ana haki ya kuuchukua. Ukiung'ang'ania, refa anapuliza filimbi, na kabla hajapuliza watu wameshakurukia. Ushike hapo vizuri, kwa sababu yote niliyoyaharibu yalianzia hapo.

Mimi ni mtoto wa Tudor, Mombasa, lakini raga ilinihamishia Nairobi, na huko ndiko nilikocheza na Murunga. Yeye alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye maneno mengi, na kazi yake uwanjani ilikuwa kuuchomoa mpira kwenye vurugu na kututupia sisi wa nyuma. Trai zangu nyingi za wakati ule, yaani mabao ya kuuvusha mpira mstari wa mwisho, zilianzia mikononi mwake, ingawa picha za gazetini zilikuwa zangu. Hakuwahi kulalamika. Mimi nami sikuwahi kufikiri kwamba kuna la kulalamikia.

Siku hizo raga ya kumi na watano haikuwa na mshahara, na walioiendesha walilijivunia jambo hilo utadhani ni ibada. Klabu moja ya ligi, katika mji mdogo wa viwanda huko Uingereza, iliponiita nikakubali, nikawa kama mtu aliyeasi dini. Kocha wetu aliniambia nisikanyage tena klabuni. Picha yangu ikabanduliwa ukutani. Wachezaji niliokula nao sahani moja wakiniona wanavuka barabara. Ni Murunga peke yake aliyenisindikiza uwanja wa ndege. Alinibebea begi mpaka mlangoni, akaniambia, "Enda ucheze, buda. Hawa watakununia tu mpaka siku watakuhitaji."

Nilikaa Uingereza miaka saba. Nilicheza kwenye baridi na matope, nikapigwa na kupiga, na kila nilipoangushwa niliukumbatia mpira, nikainuka nao. Fanya jambo moja mara elfu kadhaa, mwanangu, halafu uone kama mwili utakuomba ruhusa tena. Nilipofika miaka thelathini na mbili goti likaanza kunisumbua na klabu ikaniambia asante. Kwa bahati, kufikia wakati huo ile raga ya kumi na watano nayo ilikuwa imeanza kulipa mishahara waziwazi, na sisi tuliofukuzwa tukafunguliwa mlango. Klabu moja ya Hong Kong ilikuwa inatafuta mtu mzoefu wa kucheza katikati. Meneja wake akaniandikia kwamba timu yao itakwenda Guangzhou kucheza mechi ya kirafiki, na kama naweza kufika nikacheza upande wa wenyeji, atanitazama. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi yangu ya mwisho. Sikuwa na elimu ya maana wala kazi ya mikono. Ningeikosa ile, ningerudi Tudor kukaa barazani na kuulizwa Uingereza nilifuata nini.

Na Guangzhou nilikuwa na mtu. Murunga alikuwa ameacha raga, yuko huko ananunua nguo za jumla kwenye soko la Shahe na kuzisafirisha Nairobi. Alinipokea uwanja wa ndege wa Baiyun, akanipeleka chumbani kwake mtaa wa Xiaobei, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akanipa kitanda chake. Yeye akalala juu ya marobota ya suruali kwa wiki tatu nzima. Nilimwambia tupokezane, akakataa, nami sikusisitiza sana.

Mlango wa pili alikuwa akikaa Bi Zuena, mama wa Unguja aliyekuwa na umri wa mama yangu. Yeye alikuwa akinunua viatu na vyombo vya nyumbani kwa ajili ya duka lake. Katika jengo lile, aliyekuwa na njaa na anayejua Kiswahili aliujua mlango wa Bi Zuena. Wauzaji wa Kichina walimwogopa. Akishatajiwa bei, alikuwa akimkazia muuzaji macho bila kusema kitu, mpaka yule anaanza kuipunguza mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza Murunga alinitoa kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya jengo, kabla hajaenda sokoni. Akaniambia nikimbie na mpira, akaniangusha. Nikaukumbatia, nikainuka.

"Hapana," akasema. "Wachilia. Hiyo ni penalti, Athu." Athumani ndilo jina langu, yeye alilikata.

Nikakimbia tena, akaniangusha tena, nikaukumbatia tena. Siku sita tulifanya hivyo. Viwiko vyangu vilichubuka kwenye saruji, na yeye, mtu mwenye kitambi cha tambi za Uchina, alikuwa akihema huku anasema neno lile lile, wachilia, wachilia, mpaka wale wazee wa Kichina waliokuwa wakifanya mazoezi yao ya viungo pale wakaanza kulirudia na kucheka. Siku ya saba nilikasirika. Nilisimama nikamwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka naona haya.

"Murunga, mimi nimecheza miaka saba na wanaume wanaolipwa kuvunja watu. Wewe unauza suruali. Nani amfundishe nani?"

Alijifuta jasho kwa fulana yake.

"Sawa, laoban," akasema. Laoban ndilo neno la kule sokoni la kumwita bosi, na hakulisema kwa heshima. "Lakini mwili wako unafikiri bado iko Uingereza. Na mimi sitaki uaibike mbele ya hao watu wa Hong Kong."

Sikwenda tena mazoezini naye. Nilikimbia peke yangu, nikanyanyua vyuma kwenye chuo kile, nikajitazama kwenye vioo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na wiki mbili zingetosha. Ninasema hivi bila shaka yoyote, kwa sababu baadaye kocha wa Hong Kong alinisahihisha kwa siku tisa tu.

Jumamosi yenyewe ikafika. Timu ya wenyeji ilikuwa mchanganyiko wa walimu wa Kiingereza, wafanyabiashara na wanafunzi wa chuo. Asubuhi hiyo mwalimu aliyekuwa acheze nafasi ya kuchomoa mpira akaamka na homa. Nikamwendea Murunga. Alikuwa anafunga marobota.

"Miaka minne sijacheza," akasema. "Shingo yangu sasa ni ya kubeba mizigo, si ya kusukumana."

"Ni dakika themanini tu, ndugu yangu. Bila wewe mpira haunifikii."

Alinitazama, akaweka kamba chini. "Nitacheza. Lakini uniahidi kitu kimoja. Mimi ndio nitakuwa nyuma yako. Nikisema wachilia, unawachilia. Husubiri kufikiria."

Nikamwambia wallahi. Niliapa kwa Mwenyezi Mungu kwa rafiki yangu ambaye si Mwislamu, ambaye alikichukulia kiapo changu kwa uzito kuliko mimi mwenyewe.

Bi Zuena alikuja uwanjani na sufuria la pilau lililofungwa kwa kanga, akakaa kwenye mkeka pembeni. Alisema amekuja kuona hicho kitu kinachowafanya watu wazima wagaregare. Meneja wa Hong Kong, Mzungu, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, na daftari mkononi.

Kipindi cha kwanza niliadhibiwa mara mbili kwa kung'ang'ania mpira. Mara zote mbili, Mungu ni shahidi yangu, yalikuwa mazoea. Mikono ilijifunga yenyewe. Mara zote mbili nilimwona meneja akiandika. Wakati wa mapumziko Murunga alinishika bega akasema, "Tulia. Nisikilize mimi tu." Hakunilaumu hata kidogo.

Kipindi cha pili, zikiwa zimebaki dakika kama kumi, Murunga alinitupia mpira safi, nikapita katikati ya watu wawili, nikamkwepa wa tatu, na uwanja ukafunguka mbele yangu. Nilikimbia kama nilivyokuwa nikikimbia nikiwa na miaka ishirini na tatu. Nikakamatwa kiunoni na kuangushwa hatua nne kabla ya mstari. Wa kwanza kufika nyuma yangu alikuwa Murunga, na kitambi chake. Alisimama juu yangu, akainama kuuchukua mpira. Angeuchukua, angeanguka nao mbele na kufunga, basi. Mimi sikuuachia. Akauvuta, nikaukaza. Kichwa chake kilikuwa kimeinama karibu na kifua changu wakati watu wa Hong Kong walipotufikia, wawili kutoka kulia na mmoja kutoka kushoto, wakatuangukia.

Walipoondoka, yeye hakuondoka. Alibaki amenilalia. Akasema polepole, kama anayeniomba maji, "Athu, sisikii miguu yangu."

Sasa nikwambie nilichofanya. Niliinua kichwa nikamtazama meneja pale pembeni, nione kama alinikubali. Murunga yuko juu yangu, ameshaniambia hasikii miguu, na mimi namtafuta mtu mwenye daftari. Ilikuwa muda mfupi sana, na halafu nikapiga kelele kuita watu. Lakini nilitazama kule kwanza.

Nilipata mkataba. Meneja alisema penalti zinafundishika, ila mbio kama zile hazifundishiki. Nilitakiwa niripoti Hong Kong siku ya nne.

Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda hospitali na begi langu mkononi. Madaktari walikuwa wamefanya yote waliyoweza, na walikuwa wametuambia bila kuficha kwamba hatatembea, na mikono nayo hataitumia. Bi Zuena alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Nguo zake zilikuwa zile zile alizokuja nazo uwanjani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuninyanyulia uso.

"Mchezo wenu mimi siujui," akasema, "na sasa sitaki kuujua. Wenzio wote walikuwa wakiutazama mpira. Mimi kwa kutoujua nilikuwa nikikutazama wewe. Mwenzio amekulalia kifuani hajitikisi, na macho yako yako kwa yule Mzungu."

"Bi Zuena, nilipigwa na butwaa."

"Butwaa gani hilo linalojua pa kutazama?"

Akasogea kwenye benchi, lakini hakunikaribisha kukaa.

"Nenda kwenye kazi yako, sikuzuii, mimi si mamako. Ila kabla hujaondoka ingia mle ndani, umwambie kwa kinywa chako ulilomfanyia. Yule hatakuuliza, namjua. Atakaa nalo moyoni miaka na miaka. Usiondoke nalo."

Niliingia. Murunga alikuwa amefungwa shingo na kichwa, anatazama dari. Nilikuwa nimeyapanga maneno kutoka mlangoni. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nimesikia wamekuchukua. Enda, Athu. Lazima mmoja wetu apate kitu hapa." Nami nikayafanya maneno yale kuwa ruhusa. Nikambusu mkono, ule mkono usiosikia kitu, nikaenda kupanda treni.

Unataka kujua hiyo kazi ilinifikisha wapi? Nilicheza msimu mmoja na ushei. Trai tatu. Halafu goti likaachia kabisa, klabu nyingine ikaniambia asante, na raga zote mbili zikawa zimenimaliza. Siku Murunga aliposafirishwa nyumbani kutoka Baiyun, akiwa amelazwa kwenye machela, ni Bi Zuena aliyekwenda naye mpaka mlango wa ndege. Mimi nilikuwa na mechi. Nilituma salamu.

Ilinichukua miaka saba kwenda Bungoma. Mke wake, Mama Nekesa, alinipokea kwa ukarimu ulioniumiza kuliko matusi. Murunga alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, amekonda, kitambi hakipo, lakini maneno bado mengi. Tulicheka kuhusu wale wazee wa Kichina na wachilia yao. Chai ilipokwisha na mkewe akatoka na vikombe, akaniuliza.

"Athu, kuna kitu nimetaka kukuuliza siku nyingi. Siku ile, pale chini, ulinisikia nikisema wachilia?"

Nikamtazama machoni. Nikamwambia, "Hapana, ndugu yangu. Kelele zilikuwa nyingi. Sikukusikia."

Akautazama mlango aliotokea mkewe. Nilidhani hakuniamini. Kisha akasema, "Basi ni mimi. Nimejiuliza miaka yote hii. Unajua nilikuwa nimechoka, pumzi sina. Nilijua sauti haikutoka vizuri."

Nilikuwa bado na nafasi, mwanangu. Angalia jinsi Mungu alivyonifungulia mlango mara ya pili, ukawa wazi kabisa mbele yangu. Nilichofanya ni kumwambia asijilaumu, yalikuwa mazoea yangu ya ligi. Mke wake akarudi, tukazungumza habari za mahindi.

Alifariki mwaka uliofuata. Kwenye matanga Mama Nekesa alinivuta pembeni ili anifariji, mimi. Akasema nisiwe na mzigo moyoni, kwa sababu marehemu hakuwahi kunilaumu. Kila mgeni aliyemuuliza aliumiaje alimjibu kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba angepaza sauti kidogo tu, Athumani angesikia. Hata wiki ya mwisho alikuwa akilirudia hilo.

Nilimsikia. Sauti yake ilitoka vizuri, karibu na sikio langu, mara mbili. Mazoea yalikuwa yale ya kipindi cha kwanza. Pale hatua nne kabla ya mstari nilimsikia, nikaelewa, nikafikiri kwamba nikiushika mpira kidogo tu nitainuka nifunge mwenyewe, na meneja ataona. Nikaamua kutouachia. Mtu amekufa akijilaumu kwa sauti yake, na mwenye kujua ukweli alikuwa amekaa mbele yake anakunywa chai yake.

Bi Zuena naye ametangulia, Mungu amrehemu, kwa hiyo sina tena wa kunikemea. Nasaha zangu kwako ni hizi, na nazisema waziwazi ili usije ukasema hukuzielewa. Akikusahihisha mtu anayejua, mpokee, hata kama yeye anauza suruali na wewe umetoka kwenye magazeti. Ukiahidi kwamba utamsikiliza mwenzio, msikilize pale ambapo kumsikiliza kunakukosesha kitu, kwa sababu mahali pengine popote ni rahisi. Na ukimuumiza mtu, mwambie mapema, kabla hajaanza kutafuta sababu ndani yake mwenyewe. Usimngoje akuulize. Akikuuliza, usiseme kelele zilikuwa nyingi. Mama Nekesa yuko hai, na wiki ijayo naenda Bungoma kumwambia haya niliyokwambia. Najua hatanishukuru.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akulinde magoti yako na shingo yako, akuepushe na kiburi kilichonila mimi, na akujaalie rafiki wa kukimbia nyuma yako. Ukimpata, Mungu akupe moyo wa kumtazama yeye kwanza.